Kipande cha Pembeni

Nukta ya wino ilikuwa pembeni mno.

Bi Wembe alikuwa akipanga vioo vya hadubini vya wiki iliyopita kwenye sanduku la mbao, namba baada ya namba, kazi ambayo mikono yake iliifanya yenyewe huku yeye akiwaza paa la jikoni kwake linalovuja. Alipofika 412 mkono ukasita. Daktari wa maabara alikuwa na desturi ya kuweka nukta nyeusi juu ya kioo, pale alipouona ugonjwa, na kwa kawaida nukta hiyo iliangukia katikati ya nyama ya mgonjwa iliyobandikwa kwenye kioo. Hii ilikuwa kando kabisa, juu ya kipande kidogo kama punje ya mtama, kilichojitenga peke yake.

Akavuta karatasi ya mgonjwa. Mwanamke, miaka thelathini na moja. Sampuli ya titi la kushoto. Majibu: saratani. Kisha akatazama orodha ya upasuaji iliyobandikwa karibu na mlango. 412 alikuwa wa pili. Kutolewa titi, saa nne asubuhi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

Kwa miaka ishirini na sita Bi Wembe alikuwa amekata vipande vya miili ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Vilimfikia vikiwa vimegandishwa ndani ya nta, naye akavikata kwa mashine vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akaviacha vielee kwenye beseni la maji ya vuguvugu ili vijinyooshe, akavipandisha kwenye kioo na kuvipaka rangi. Hapo kazi yake iliishia. Kusoma ni kwa daktari. Lakini mtu hakati miaka yote hiyo akiwa amefumba macho. Wembe wenyewe ulimsimulia: mafuta huteleza na kukunjamana, msuli hukatika kwa utiifu, mfupa hulalamika hata ukiloweshwa dawa ya kuulainisha. "Tishu za mwili ni aina nne tu, wanangu," aliwaambia wanafunzi wa maabara waliomjia wakiwa na madaftari mapya. "Za kufunika, za kuunganisha, za kuvuta na za kupeleka habari. Hayo majina marefu mtayakuta kwenye mtihani."

Akaweka 412 chini ya hadubini.

Kile kipande kikubwa kilikuwa kimetulia. Mafuta, nyuzi ngumu za kuunganisha, vishada vya tezi za titi kila kimoja mahali pake. Akakisogeza kioo hadi kwenye nukta, na hapo akaona chembe hai za kufunika zilizosahau kazi yake, zimepandana na kusukumana, nyeusi na kubwa kupita kiasi. Daktari hakukosea, hii ilikuwa saratani. Ila chini yake kulikuwa na mkanda wa msuli laini, ule unaosukuma chakula bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na kando ya mkanda huo chembe chache zenye umbo la kikombe, zilizojaa ute.

Chembe hizo alizijua. Kazi yake ni kulainisha njia ya utumbo. Titi halina utumbo.

Akakitafuta kioo 411, utumbo wa mzee mmoja, akakiweka badala yake. Chembe zilezile, msuli uleule. Akaikumbuka Jumanne ya wiki iliyopita. Taa zilikuwa zikipepesa na jenereta lilikuwa bovu, naye akiharakisha kumaliza kabla umeme haujakatika. Kila ukimaliza mgonjwa mmoja, unapitisha karatasi juu ya maji kuondoa mabaki kabla ya kumweka mwingine. Sheria hiyo aliihubiri mpaka wanafunzi wakaifanya salamu yao. Wakikutana naye ukumbini husema "futa maji, mama," wakicheka. Jumanne ile, kati ya 411 na 412, hakufuta. Mara moja tu. Kipande cha mzee kilibaki kikielea, kikapanda kioo cha mwanamke.

Alimpigia daktari. Simu ilikuwa imezimwa. Asubuhi hizi alikuwa akifundisha. Akapiga simu chumba cha upasuaji, akaomba mgonjwa wa pili asubiri kidogo. Nesi akauliza ni nani anayesema.

"Mkataji wa maabara."

"Mama, hilo aseme daktari wenu au daktari wetu. Siwezi kumsimamisha mtu kwa neno la mkataji."

Simu ikakatwa. Bi Wembe alibaki ameishika, na wazo likaja bila kubisha hodi. Hakuna ambaye angejua. Titi likishatolewa lingeletwa hapahapa, kwenye meza yake, naye angelikata. Wasipoona saratani, daktari angesema ile ya mwanzo iliondoka yote na sampuli, hutokea. Kioo chenyewe kilikuwa chembamba na sakafu ilikuwa ya saruji. Ilibaki miezi minane astaafu kwa heshima, na zawadi, na hotuba. Aliwaza hivyo kwa muda ambao baadaye alitamani ungekuwa mfupi zaidi, na alijichukia.

Kisha akapiga moyo konde. Akamwaga maji ya beseni, akaosha beseni, akaweka maji mapya na wembe mpya. Akaitoa bloku ya 412, kile kibonge cha nta chenye nyama ya mwanamke, na kuibana kwenye mashine. Alikata kwa pupa, utepe wa kwanza wa nta ukachanika. Wa pili pia. Akaiegemeza mikono mezani, akahesabu pumzi kumi, akajaribu tena, na utepe ukatoka mzima. Alikata, akashuka ndani ya bloku, akakata, akashuka tena, mara sita, asiache mahali ambapo ugonjwa ungeweza kujificha. Hofu mpya ilimshika hapo: je, ikiwa mwanamke huyu ana saratani yake mwenyewe, chini zaidi, na yeye ndiye anayemcheleweshea tiba?

Rangi haiharakishwi. Ukiitoa mapema unapata ukungu. Alisimama mbele ya vyombo vya rangi akiitazama saa, akichovya na kutoa, akichovya na kutoa, jasho likimchuruzika mgongoni. Saa tatu na nusu akaketi na kusoma vioo sita. Mafuta. Nyuzi. Tezi. Uvimbe mdogo wa nyuzi usio na ubaya wowote. Akarudia vyote tangu mwanzo, kwa kuwa hakujiamini tena.

Darasa la daktari lilikuwa ghorofa ya pili. Aliingia bila kugonga, trei ya vioo mkononi, na wanafunzi ishirini wakageuka. Mmoja akatabasamu, midomo tayari kwa ile salamu, kisha akaiona sura yake na kuinamisha macho.

Daktari hakupenda kukatizwa, na alimwambia hivyo. Bi Wembe akaomba atumie hadubini ya darasani, dakika mbili tu. Akamwekea kioo cha zamani cha 412, kisha cha mzee, kisha vile sita vipya. Daktari aliinama juu yake muda mrefu. Kalamu ilianguka mahali fulani na hakuna aliyeiokota.

"Maji hukuyafuta?" aliuliza, bado ameinama.

Nyuso zote zilikuwa zikimtazama.

"Sikuyafuta, daktari."

Daktari alinyanyua kichwa. Alionekana amezeeka ghafla. "Na mimi msuli niliuona," akasema polepole. "Nikajiambia ni wa chuchu. Nilikuwa na vioo sitini siku hiyo." Kisha akatazama saa yake, na wote wawili wakakimbia.

Ngazi, ukumbi, ua, ngazi tena. Bi Wembe hakuwa amekimbia tangu mwanawe wa mwisho alipokuwa mdogo. Kwenye mlango wa upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni, na asiye na viatu vya ndani havuki. Daktari aliuvuka na viatu vyake vya barabarani, na nesi akamfuata akimgombeza. Milango ikajifunga. Saa nne kasoro dakika tatu.

Alisimama. Nyuma ya milango sauti zilipanda, zikashuka, chuma kikagonga chuma. Alijaribu kuomba lakini maneno hayakuja kwa mpangilio, ikabaki "tafadhali, tafadhali" tu.

Milango ilipofunguka, kitanda cha magurudumu kilitoka kikisukumwa na nesi. Akakiegesha ukutani, akamwambia Bi Wembe kwa mkato amwangalie mgonjwa, yeye anafuata faili, akaondoka. Kwenye kitanda alilala mwanamke mwembamba, amevaa gauni la hospitali, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa macho.

"Mama," alisema. "Wameshakata?"

"Bado. Hawatakata."

Mwanamke aliyapima maneno hayo. Akajigusa kifuani, upande mmoja, kisha upande mwingine. "Wameona imeenea sana?"

"Hapana, mwanangu. Si hivyo." Bi Wembe alishika ukingo wa kitanda. Miaka ishirini na sita, na hajawahi kuzungumza na hata mmoja wao. "Ni kosa. Kosa langu mimi. Nitakueleza, na ukishasikia una haki ya kusema lolote."

Mwishoni mwa ukumbi, nyuma ya kioo cha mlango, bibi mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto mchanga aliyeanza kulia, kilio chembamba cha njaa kisichojali mahali. Mwanamke akageuza kichwa. Na kwenye gauni lake, upande wa kushoto, kitambaa kikaanza kulowa. Unyevu mdogo kwanza, kisha ukapanuka taratibu, maziwa yakipita nje yenyewe.

"Samahani," alisema kwa aibu, akijifunika kwa kiganja. "Huyo akilia tu, hayanisubiri."

Bi Wembe alivuta kiti hadi karibu na kichwa chake, akaketi, akaanza kueleza kuhusu Jumanne. Kati ya vidole vya yule mwanamke maziwa yaliendelea kutoka.