Bibi Chausiku Mtaroni

Kina mama wa parokia walikuwa wamechimba mtaro wa bomba kutoka kwenye chemchemi, wakapita chini ya migomba, na kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu kufika zahanati, ndipo Bibi Chausiku alipotokea na kigoda chake. Alishuka mtaroni, akaketi katikati.

"Endeleeni," alisema. "Chimbeni mnipitie."

Majembe yakanyamaza. Eufrazia, mwenyekiti wa kina mama hao, alisogea ukingoni mwa mtaro. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa ya kupitisha bomba hapo. Wakaguzi walikuwa wamesema wazi kwamba bila maji chumba cha kujifungulia cha zahanati ya masista hakifunguliwi tena. Tangu kifungwe, wajawazito walikuwa wakiteremshwa Morogoro mjini kwa bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe. Na Jesca, mke wa mwanawe, alikuwa ameingia mwezi wa kujifungua. Kila jioni Eufrazia alisali rozari kwa ajili ya bomba hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shambani kwangu umeingia kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Mzee Stambuli, bibi. Nilimpelekea sukari, akakubali."

Stambuli, aliyekuja kutazama kazi, alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu.

"Wee Stambuli! Njoo hapa, mpenda sukari. Shamba hili lako?"

"Si langu, dada. Lakini huyu mama hakuniuliza shamba ni la nani. Aliniuliza kama nakubali. Mimi nakubali."

Wanawake wakaangua kicheko, hata wale waliojitahidi kukizuia.

Eufrazia hakucheka. Kwao Songea shamba la baba huenda kwa mwana. Kila sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, historia inaposomwa kanisani, alisikia kwamba masista wa kwanza walipanda mlima huu kwa miguu, dawa vichwani, na kwamba Mzee Halidi, Mwislamu mwenye moyo mkubwa, ndiye aliyewakatia kiwanja cha zahanati kwenye shamba hili. Basi akamwendea Stambuli, mtoto wa Halidi. Miaka yote aliyoishi na Waluguru, na bado alisahau kwamba huku ardhi hupita kwa mama. Stambuli ni wa ukoo wa mama yake. Katika ardhi ya ukoo wa baba yake hana hata mgomba mmoja.

"Baba yake huyu, Halidi, alikuwa mjomba wangu," alisema Bibi Chausiku. "Siku ya kutoa kiwanja alisimama akasema, kwa kuwa alikuwa mwanamume na sauti anayo. Aliyetoa ni dada yake, Mwanahawa, mama yangu. Alinizaa mikononi mwa masista wenu wa kwanza, chini ya turubai, wala hawakumwuliza anasali wapi. Sasa kila mwaka sauti ya spika yenu inafika mpaka uani kwangu. Nasikia Halidi, Halidi. Mama yangu simsikii."

"Tumekosa, bibi," Eufrazia alisema. "Na mimi nimekosa zaidi. Jumapili hii tutamtaja."

"Jumapili mimi najua kama nitafika?"

Eufrazia akaweka jembe chini, akashuka mtaroni, akapiga magoti kwenye udongo mbichi. Sala nyingi alizijua kwa moyo, lakini hakuna hata moja iliyofaa hapo.

"Ee Mungu, tunakushukuru kwa ajili ya Mwanahawa, aliyetupa mahali pa kuhudumia wagonjwa. Umpumzishe kwa amani. Utusamehe kwa kumnyamazia."

"Amina," kina mama waliitikia. Yasmin na majirani zake Waislamu, waliokuja kuchimba kama kila mtu, waliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bibi Chausiku alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya, nivute basi. Kushuka nimeshuka kwa hasira, kupanda sina nguvu."

Wakamvuta huku wanacheka, na Stambuli akabeba kigoda.

"Sukari utairudisha lini?"

"Imeshanyweka, dada."

Maji yalipofika zahanati yalitoka kwanza mekundu kwa udongo, yakakohoakohoa, kisha yakawa safi. Sista Theresia alifungua mlango wa chumba cha kujifungulia, akaita watu wa kupiga deki. Eufrazia alikinga mikono chini ya bomba, akaiacha hapo, maji yakimtiririka hadi viwikoni.

"Mama Eufrazia, utayamaliza," Sista alimwambia.

"Nifunge, Sista? Ngoja kidogo. Ngoja kidogo tu."