Mkono Alioinua Thandeka

Eufrazia alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile, kule mwisho wa Temeke, kwa miaka kumi na tisa. Damu, usaha, maji ya uzazi, vyote alikuwa ameshavizoea. Lakini siku mfuaji mwenzake Filomena alipochomoa mkono kwenye rundo la mashuka huku sindano imesimama katikati ya kiganja, Eufrazia alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Hakuna aliyejua sindano ile ilitoka kwa mgonjwa gani.

Wakati huo chumba cha kufulia kilikuwa kimeshakabidhiwa kwa kampuni binafsi tangu miezi minane nyuma. Wafuaji ni wale wale na mashine ni zile zile, ila mwajiri mwingine. Glavu nene zilitoweka kwanza, zikafuata buti, halafu akaondolewa yule mama aliyekuwa akikagua mashuka wodini kabla hayajateremshwa. Msimamizi wa kampuni alipoitwa, alikitazama kiganja cha Filomena akasema, "Siku nyingine angalia unaposhika."

Daktari wa zamu alimwanzishia Filomena dawa za kujikinga na Ukimwi za siku ishirini na nane, akamwambia arudi kupima baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi mitatu. Filomena akarudi nyumbani kwake Chanika, akahamia kulala kwenye kochi sebuleni. Mumewe, Cyprian, alimletea shuka na mto bila kuuliza kitu.

Eufrazia ndiye aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale hospitali. Aliandika habari nzima, akaipeleka makao makuu ya chama, nao wakaifikisha kwenye shirikisho la kimataifa la vyama vya watumishi wa umma. Kusema kweli hakutegemea kitu. Ndiyo maana alishangaa alipoambiwa kuna mgeni anakuja, tena si bosi wa kutoka ofisini. Ni Thandeka, mfuaji wa hospitali moja ya Durban, Afrika Kusini, ametumwa na chama chake kukaa nao siku nne.

Thandeka alifikia kwa Eufrazia. Usiku wa kwanza alikula ugali na dagaa, akaomba aongezewe. Jumamosi asubuhi wafuaji wote ishirini na wawili walikutana naye kwenye darasa la shule ya jirani. Aliyetafsiri Kiingereza alikuwa Tupokigwe, muuguzi kijana wa wodi ya wazazi.

Mgeni hakuanza na hotuba. Alikunja mikono ya blauzi akaonyesha makovu ya kuunguzwa na mvuke, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Wanawake wakacheka, nao wakakunja zao wakalinganisha. Kisha Filomena akasimulia yaliyomkuta. Thandeka alimsikiliza akiwa amekishika kile kiganja kwa mikono yake miwili, akauliza, "Kampuni yenyewe ni ya nani?"

Eufrazia akampa moja ya barua za kampuni. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la kampuni mama ya huko Afrika Kusini.

Thandeka alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akaiweka barua juu ya dawati taratibu, akatoka nje.

Eufrazia alimfuata pamoja na Tupokigwe. Walimkuta ameinama kwenye bomba la shule, maji yanamtiririka usoni. Alisema maneno machache. Tupokigwe hakuyatafsiri.

"Anasemaje?" Eufrazia akauliza.

"Mama, anasema kampuni hii ni yao."

"Yao akina nani?"

"Wao wafanyakazi. Zile hela za uzeeni wanazokatwa kwenye mishahara, mfuko wao umeziwekeza humu. Na yeye yumo kwenye bodi ya huo mfuko, anawakilisha wafuaji. Mwaka juzi waliletewa orodha, wakaambiwa hii ni kampuni ya usafi inayokua vizuri Afrika Mashariki. Anasema aliinua mkono kukubali."

Eufrazia alihisi kama amepigwa kofi na mtu aliyekuwa akimkumbatia. Aliitazama ile mikono yenye makovu kama yake, akashindwa kuunganisha mambo hayo mawili kichwani. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja.

"Mwambie arudi ndani akawaambie mwenyewe," alisema hatimaye. "Mie hilo siwezi kumsemea."

Thandeka akarudi, akasimama mbele ya ubao, akasema. Tekla, mfuaji mkubwa kuliko wote kwa umri, alichukua mkoba wake akatoka, na wengine wawili wakamfuata. Waliobaki walimgeukia Filomena.

Filomena alikuwa anakitazama kiganja chake. "Muulize," alimwambia Tupokigwe, "kama angejua, angeinua?"

"Anasema hakuuliza. Anasema hilo ndilo kosa lake, hakuuliza."

"Basi akaulize sasa."

Mchana ule Thandeka alimwomba Filomena ruhusa ya kupiga picha kile kiganja bila sura yake. Akaituma kwa chama chake Durban pamoja na karatasi za bodi zilizokuwa kwenye simu yake. Alipokuwa anaituma, Eufrazia aliona kidole chake kinatetemeka. Alidhani ni aibu.

Wiki tatu baadaye Tupokigwe aliingia chumba cha kufulia mbio, simu mkononi. Eufrazia akazima mashine wapate kusikia. Kwenye video palikuwa na ngazi za jengo kubwa la vioo, ofisi za ule mfuko. Mamia ya watu wenye sare za hospitali walikuwa wamekaa kwenye ngazi hizo, kila mmoja ameinua kiganja, na katikati ya kila kiganja pamechorwa nukta nyekundu. Hawakuimba wala hawakupiga kelele. Walikaa tu hivyo saa nzima ya chakula cha mchana.

Filomena alitazama mpaka video ikaisha, akairudisha mwanzo. "Wote hawa?" akauliza kwa sauti ndogo. "Hawanijui hata jina." Akajifuta uso kwa kanga.

Mfuko uliitaka kampuni mama ijieleze. Haikupita wiki mbili, msimamizi yule yule alifika mwenyewe na maboksi ya glavu, buti na visanduku vya kutupia sindano. Mkaguzi wa mashuka akarudishwa wodini. Uongozi wa hospitali ukakubali kukaa na chama kuzungumzia ufuaji urudi mikononi mwa hospitali, na mazungumzo hayo bado yanaendelea. Kipimo cha miezi mitatu cha Filomena kilitoka safi. Alimpigia Cyprian kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, akalia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Siku chache baada ya hapo, Tupokigwe alileta habari nyingine. Thandeka ameondolewa kwenye bodi kwa kosa la kutoa nje karatasi za siri.

Eufrazia aliliacha beseni la mashuka. "Alijua?" aliuliza. "Siku ile anatuma, alijua watamfanya hivi?"

"Alijua, mama. Aliniambia palepale, akanikataza nisiwaambie."

Eufrazia akakikumbuka kile kidole, na jinsi alivyokihukumu vibaya. Jioni ile aliwaita wafuaji wote. Tekla, aliyetoka darasani siku ile, ndiye aliyeanza kusema. "Tuwaandikie hao wa bodi wamrudishe," alisema. "Na jina langu liwe la kwanza."

Waliandika kwa Kiswahili, Tupokigwe akatafsiri, majina ishirini na mawili yakawekwa chini. Mwezi umepita na bodi haijajibu. Jumatatu hii Eufrazia ametuma barua ya pili, na safari hii wameweka majina yao wauguzi wa wodi ya wazazi, wapishi na walinzi wa getini.