Mama Mkwe Ndani ya Utepe

Habari hii nilipewa na mwenye aibu yake mwenyewe, fundi wa minara anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu, siku aliyokuja kunifungia kamba ya kuanikia nguo, baada ya ile ya zamani kukatika na kuniangushia mashuka matopeni. Alikuwa amepanda kingazi kifupi tu, ambacho hata mimi ningekipanda magoti yakinikubalia, lakini koleo alikuwa amelifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Nikamuuliza kama makoleo siku hizi yana miguu. Akacheka, akashuka, akaketi, akanieleza yote.

Wenzake kazini humwita Tumbili. Si kwa sura, maana sura yake si haba. Ni kwa kupanda. Mnara aliupanda kama wengine wanavyopanda kitanda, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Mkanda wao wa usalama, ule wanaouvaa mabegani na mapajani kama mtoto aliyefungwa mbeleko, una kamba mbili, na kila kamba ina ndoano. Ukipanda, ndoano moja imeshika chuma. Ukifika pa kuvuka unashikisha ya pili kwanza, ndipo unaachia ile ya kwanza. Hivyo hakuna wakati, hata wa kufumba na kufumbua, ambapo mtu yuko juu na hajashikwa na kitu. Tumbili alitumia moja tu. Aliitoa hapa akaishikisha kule, na katikati hapo alishikwa na Mungu peke yake.

Siku moja mkewe akautoa mkanda nje uote jua. Akaona ndoano moja imekwaruzika na kuchubuka rangi, ya pili inang'aa kama bibi harusi. Yeye si fundi, lakini macho anayo. Hakugomba. Alimmiminia mumewe chai, akangoja anywe nusu, ndipo akamwambia kwamba amempigia mama simu.

Tumbili akajua chai ile haikuwa ya bure.

Mkewe alikuwa ameshapanga. Mama atakuja, atakwenda naye kazini, atamtazama akipanda. Akirudi akasema mkwe anajifunga, basi kazi iendelee. Akisema hajifungi, Tumbili atashuka minarani moja kwa moja, aende kwa baba mdogo akauze mayai. Huyo baba mdogo alikuwa na mabanda ya kuku, na siku nyingi alikuwa akitafuta mtu mwepesi wa kuwakimbiza. Tumbili kuku aliwapenda, ila kwenye sahani. Mnara ndio uliokuwa maisha yake. Kule juu ndiko alikojiona mtu mzima. Huku chini aliona kila mtu anamtuma. Akajaribu kusema kwamba wageni hawaruhusiwi kazini. Mke akamjibu kwamba kaka yake ameshazungumza na msimamizi.

Kaka huyo ndiye shemeji yake Tumbili, na ndiye mwenzake wa kazi. Tumbili hupanda, shemeji hubaki chini kulinda. Walitaniana tangu siku ya posa, na hawakuwa na dalili ya kuchoka. Alipoambiwa kwamba mama anakuja, shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamuuliza Tumbili kama tayari anajua kuwaita kuku au afundishwe.

Mama mkwe akafika, mwanamke mnene mwenye hatua za polepole, na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi mweusi. Asubuhi iliyofuata wakaenda wote kwenye pikapu ya kazi. Siku hiyo walikuwa na mnara wa chuma nyuma ya kiwanda, unaobeba taa na mitambo ya mawasiliano. Bolti zake za juu zilikuwa zimeliwa na kutu, zilitakiwa kubadilishwa. Msimamizi alikubali mgeni kwa masharti mawili: avae kofia ngumu, na asivuke utepe. Kofia aliivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, ikakaa kama sufuria iliyofunikwa juu ya mkate. Hakuna aliyethubutu kucheka, hata mwanawe.

Utepe huo ni wa rangi nyekundu na nyeupe, wanauzungusha kwenye vigingi kuuzunguka mnara wote. Maana yake ni kwamba mtu akiwa juu, ndani hasimami mtu, kwa sababu kinachoponyoka kule hakichagui pa kuangukia. Na ikitokea mtu ameingia, aliye juu anaganda. Anakishika alichokishika, hasogei, hafungui, mpaka aliyeingia atoke.

Tumbili siku hiyo alipanda, jamani, kama anayepigwa picha. Ndoano hii, kisha hii. Kila alipoishikisha moja aligonga chuma nayo kidogo, ngoo, ili hata asiyeona asikie. Kwenye maungio alisimama akaangalia chini kuhakikisha miwani ya mama iko machoni. Shemeji alimwambia kwenye redio za mkononi wanazotumia kwamba, kwa mwendo huo, mama atakula chakula cha jioni pale pale. Lakini alifika juu, akajifunga ndoano zote mbili, akaanza kufungua bolti. Moyoni tayari alikuwa amewaaga kuku.

Chini, shemeji, akiwa ameshairudisha ndoo ya kamba, akagundua kwamba nati alizompandishia nayo hazikutosha. Nyingine zilikuwa kwenye pikapu, upande wa pili wa ghala. Mlinzi wa utepe haondoki, hilo alilijua vizuri. Ila alitazama huku na huku, akamwona mama yake ameketi kwenye kiti, mkono shavuni, hana kazi. Akampa redio, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza ukitaka kusema, akamwomba amlindie, mtu yeyote asije akaingia mule ndani.

Mama aliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Alingoja kidogo, akaona haifai. Mlinzi wa shamba hakai nje ya shamba. Akakiinua kiti chake, akainama chini ya utepe, akakiweka katikati kabisa, miguuni pa mnara, mahali ambapo angeona pande zote. Akaketi.

Juu kule Tumbili alikuwa amemaliza bolti moja. Akatazama chini kuona kama bado anatazamwa, akaona ile sufuria ya kichwani pa mama, nyeupe, sawasawa chini ya viatu vyake.

Akaganda, kama sheria inavyosema. Tena akaganda na spana mkononi. Ilikuwa spana kubwa, ndefu kama mkono, isiyoingia mfukoni. Mahali pake ni kuning'inia kiunoni kwa kamba yake, maana kwenye kazi hiyo vyombo navyo hufungwa kama watu. Lakini Tumbili alikuwa ameamka akiwaza ndoano tu. Spana aliichomeka mkandani, kama siku zote. Sasa aliutazama mkanda, akaitazama spana ilivyojaa grisi, akakitazama kile kichwa pale chini, na mkanda ule uliokuwa ukimtosha siku zote hakuuamini tena. Akaikumbatia spana kifuani kwa mikono miwili, kama aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

Na kumfokea mama mkwe hawezi. Hata angekuwa anaungua. Akakibonyeza kitufe cha redio iliyokuwa kifuani kwa kidevu, akaanza pale tu anapoweza kuanza mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Si tumeshaamkiana nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nataka kukuomba, kama hutojali..."

Lakini mama alikuwa amekibonyeza kitufe chake tena, na safari hii hakukiachia. Redio hizo mmoja akibonyeza mwingine hasikiki. Tumbili akawa anasikia tu pumzi za mama mkwe, kiti kikilia, na mama akijisemea peke yake. Alikuwa ameinua uso, ameweka miwani, amemwona mkwe wake amekumbatia kitu na hatikisiki.

"Masikini, hofu imemshika," alisema mama. "Usiogope, baba. Mimi nipo hapa hapa chini yako. Siondoki hapa mpaka ushuke."

Basi ikawa hivyo. Yeye hawezi kushuka mpaka mama aondoke, na mama haondoki mpaka yeye ashuke. Mama akaanza kumwombea dua, taratibu, zote zikipita redioni. Alimwombea miguu, akamwombea mikono, akaombea na macho yake yasitazame chini. Tumbili alikuwa akitazama chini tu. Jasho likamfika vidoleni, na kila spana ilipoteleza kidogo aliiona inavyokwenda, inakopita, na inapotua. Alikuwa amepanda minara mingi katika maisha yake, lakini aliniambia kwamba siku hiyo ndiyo aliyojua urefu wake.

Shemeji alirudi akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alitupa nati, akakimbia mpaka kwenye utepe, akamwambia mama yake atoke upesi. Mama akamjibu, bila kugeuka, kwamba haendi popote, mwenzake ameshikwa na hofu na yeye anazunguka.

"Mama, hajaogopa mnara. Anakuogopea wewe. Ameshika chuma juu ya kichwa chako."

Mama akashika ukingo wa kofia. Akaangalia juu tena, muda mrefu kidogo. Kisha akainuka, akabeba kiti chake, akapita chini ya utepe. Akakiweka kiti nje, akakaa, akasahau kuushusha uso aliokuwa ameuinua.

Shemeji akapandisha ndoo, spana ikashuka ndani yake. Tumbili akafuata, ndoano hii, kisha hii, lakini safari hii bila kugonga chuma. Alipofika chini mama mkwe alikuwa ameshaipakata spana. Aliipima kwa mkono, akaihamishia mkono wa pili, akauliza swali moja tu.

"Na hii, kamba yake iko wapi?"

Tumbili angeweza kusema imekatika. Akafungua begi lake, akatoa kutoka chini kabisa kamba za vyombo, zote, bado zimo katika mfuko wa nailoni, zina harufu ya dukani. Mama aliziangalia. Halafu akavua miwani yake na kuiachia. Ikaanguka kifuani, ikaning'inia pale kwenye uzi. Akampa spana yake, akaenda kukaa kwenye pikapu, na njia nzima alitazama mbele kama anayeendesha yeye. Shemeji naye, aliyekuwa ameacha lindo, alijikunyata kwenye kona ya gari kama aliyemwagiwa maji. Alijua zamu yake itafika.

Nyumbani mke alikuwa mlangoni. Akamtazama mama, akamtazama mume, akauliza habari za huko. Mama akasema kwamba kwanza watu wale. Akaingia jikoni peke yake, akakaa humo kuliko kawaida.

Tumbili alipoketi kula alikuta kijiko chake kimefungwa kwa uzi kwenye mkono wa kiti. Kikombe kimefungwa mguuni pa meza. Simu yake, aliyoiacha kabatini, ilikuwa na uzi unaokwenda mpaka kwenye kitasa. Shemeji alikohoa akaangalia pembeni, lakini alipotaka kuinua glasi yake, meza nzima ikatikisika. Ya kwake ilifungwa kwa fundo kubwa zaidi.

Walikula hivyo hivyo. Hakuna aliyethubutu kufungua. Mke aliuma mdomo wake mpaka machozi yakamtoka.

Kisha mama akanawa mikono, akaeleza. Alisema mkwe wake anajifunga, ameona kwa macho yake, ndoano hii na hii. Tumbili akashusha pumzi. Lakini mama akaendelea kwamba leo alijifunga kwa sababu ya mama, na spana ambayo mama hakuitazama haikufungwa.

"Leo uliishika ile spana kama mtoto kwa sababu mimi nilikuwa chini," alimwambia. "Basi nitakuwa chini kila siku. Nikiwa kwangu, nikiwa nimelala, wewe hesabu kwamba nimeketi pale na kofia yenu ile mbaya."

"Nimesikia, mama."

Akamgeukia binti yake. Akasema kuku wasubiri. Yeye awe anatoa mkanda ule kila wikendi auangalie. Ile ndoano iliyochoka ikapumzishwe, apewe mpya zote mbili, na zizeeke pamoja kama mtu na mkewe. Siku atakayoona moja inazeeka na nyingine bado msichana, asiulize mtu, ampigie baba mdogo.

Mama akaenda kulala mapema, maana alikuwa na safari. Shemeji akaaga, baada ya kufunguliwa. Watoto wake Tumbili, waliokula mapema, walikuwa wamelala zamani. Tumbili alizunguka akikusanya nyuzi moja moja, akazikunja, akaziweka begini juu ya zile kamba ambazo sasa zilikuwa zimetoka kwenye mfuko wa nailoni. Kisha akaingia kitandani. Alipojinyoosha akahisi kitu kimemvuta kwenye kidole gumba cha mguu. Akapapasa. Uzi mweusi wenye kitanzi kilichotegwa shukani, na mwisho wake umeshikishwa kwenye mguu wa kitanda.

"Mama ndiye aliyesema nifungwe?" alimuuliza mkewe.

Mkewe alikuwa ameshalala, au alijifanya. Tumbili akaujaribu uzi, ukakaza vizuri. Akauacha ulivyo, akageukia ukutani, usingizi ukamchukua.