Mahameli Juu ya Miraki

Mume wangu Miraki alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, amelazwa kwenye jeneza la wazi uani, nami nimeshika mahameli aliyoifuma kwa mkono wake. Jeneza la mfumaji kama yeye kutoka limefunikwa shuka la kuazima, hapa Kashani, na mimi mkewe niko hai? Nilikuwa nimeapa halitatoka.

Shida ilikuwa wale watu aliowafuma ndani yake. Nguo nzima ilijaa vijana wa hariri nyekundu, kila mmoja ana kipanga mkononi, na kila mmoja ana macho.

"Hayo macho hayapiti mlango wa msikiti, binti yangu," alisema Sheikh Nurullahi kwa upole. "Si mimi niliyeamua."

Shemeji yangu Haidari, naye mfumaji, akachomoa kisu chake cha kazi. "Shemeji, tunyoe manyoya ya nyuso tu. Miili ibaki."

"Kwani kaka yako alifuma kondoo, hata unyoe?" mama mkwe akamwuliza. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, ila ulimi ulikuwa bado wake.

Haidari akanitazama, akingoja neno langu. Mimi wale vijana nawajua. Miraki alikuwa akirudi jioni, macho mekundu kwa kukodolea nyuzi, ananiambia, "Leo mmoja nimempa pua." Leo hii tumnyang'anye?

"Mama, nishikie mtoto."

Nikampa Parinazi wangu. Nikaikung'uta ile mahameli, nikaigeuza, nikamfunika mume wangu. Nyuso zikalala ndani, zikimwelekea yeye. Juu ukabaki mgongo wa nguo, hariri ya manjano isiyo na hata ua moja.

Sheikh akapapasa pindo. "Na ndani?"

"Ndani ni wenzake wa kazini, Sheikh."

Akaliachia pindo. "Mimi naona manjano," akasema. "Mbebeni."

Nilisimama mlangoni nikiifuata ile manjano kwa macho, mpaka ikapinda ukuta wa udongo, ikapotea.

Jioni Haidari aliirudisha imekunjwa. Nikaitandaza chumbani, nyuso juu. Pale ilipomgusa Miraki, kwenye paji, kifuani, kwenye vidole vya miguu, manyoya ya mahameli yalikuwa yamelala, kama majani alipolala mtu.

"Ipitishe juu ya mvuke, mwanangu," alisema mama mkwe. "Yatasimama." Kisha akaona ninachokitazama. Akakaa chini.

Parinazi akatambaa mpaka pale kifuani, akaweka shavu, akaanza kumsimulia kijana mmoja mambo yake kwa ile lugha yake isiyo na maneno. Mtoto ana pua ya baba yake. Atakuja kuniuliza habari zake, nami nitakuwa na mahali pa kumwonyesha.

Nikaenda kubandika chungu cha dengu, maana watu hawajala tangu asubuhi. Mlango wa jiko nikaufunga, mvuke usifike chumbani.