Siku Tatu Bila Gwantwa

1.

TANGAZO
Kiwanda cha Mikate Asubuhi Njema, Tukuyu

Nafasi ya Mkuu wa Mipango ya Uzalishaji itajazwa mwisho wa mwezi. Wanaoshindania ni Bi. Tusekile Mwaisumo (miaka kumi na tisa kazini) na Bi. Gwantwa Kajange (miaka miwili). Wote wanasoma Takwimu za Uamuzi wa Biashara kila Jumamosi. Kwa siku thelathini, kila mmoja atakisia idadi ya mikate itakayonunuliwa kesho yake, ataikunja karatasi na kuitia kwenye kopo la hamira mezani kwangu kabla ya saa kumi alasiri. Mwenye wastani mdogo wa makosa atapewa nafasi. Asiyefika kazini, siku hiyo haihesabiwi kwake.

Mwakalobo, Meneja

2.

Kumi na tisa kwa miwili! Soma tena, msomaji, usipite haraka. Na huyo wa miwili nani alimleta? Tusekile mwenyewe. Alimkuta gulioni anauza ndizi, anajumlisha kichwani haraka kuliko wenye kalkuleta, akamshika mkono hadi kwa meneja. "Huyu ana akili, mpeni kazi." Wakampa. Akaanza kwa kufunga mikate kwenye mifuko.

Sasa angalia.

3. *(chumba cha chai)*

— Gwantwa kapata tisini na mbili kwenye jaribio la takwimu.

— Na dada Tuse?

— Sitini na moja.

— Shh. Huyo anakuja.

4.

Alikuwa na wivu. Haya, nimesema, tusizungukezunguke.

Mwalimu Kileo wa darasa la Jumamosi akigeuka kutoka ubaoni na kusema, "Gwantwa, hebu tusaidie," Tusekile aliinamia daftari akajifanya anaandika. Na Gwantwa hana kiburi hata chembe! Anamwita dada, anampisha kiti, anamwazima kalamu. Angekuwa na kiburi ingekuwa nafuu, angalau angepata sababu ya kumchukia hadharani.

5.

Vitu alivyotumia Tusekile kukisia mikate kabla hajasikia neno takwimu:

gulio la Jumatano

mvua ikianza kabla ya saa sita

msiba (uliza ni wa nani, uliza wageni wanatoka wapi)

shule kufungua

mihogo, kama imejaa sokoni au imeadimika

sauti ya mwenye duka la stendi akipokea simu

Miaka kumi na tisa vitu hivi vilimtosha. Alipoingia darasani na kuona zile herufi za Kigiriki, akavionea aibu. Hakumwambia mtu.

6.

Siku ya kwanza, saa tisa na nusu. Meneja katoka. Karatasi ya Gwantwa imo koponi tangu saa nane.

Tusekile alikuwa na yake mkononi: 1,910.

Akafungua kopo. Akaikunjua ya mwenzake: 1,840.

Akaichana yake. Akaandika 1,850.

Kesho yake akarudia. Keshokutwa pia. Mara anaongeza kumi, mara anapunguza kumi na tano, isije ikaonekana, na mara nyingi kosa lake likazidi la mwenzake kidogo. Ungemuuliza kwa nini, angekuapia kwamba hajui. Mimi najua. Gwantwa akipatia, na yeye kapatia. Gwantwa akikosea, wamekosea wote. Asichoweza kukivumilia ni Gwantwa kupatia peke yake.

7.

Kwa Meneja,
Naomba ruhusa ya siku tatu, tarehe 14, 15 na 16. Mama yangu ameanguka na kuvunjika nyonga, nampeleka hospitali.
G. Kajange

*Imekubaliwa.*

8.

Tarehe 14, kopo tupu.

Alilitikisa. Akalipindua. Loo! Akabaki amelishika, saa inakimbilia kumi.

Nje mvua ilikuwa imeanza tangu saa tano. Akampigia mwenye duka la stendi, akasikiliza sauti yake. Akakumbuka kuna msiba wa katekista, na wageni wanatoka Kyela na Mbeya. Akaandika namba.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Matokeo hakuyaangalia. Alikuwa anahesabu siku za Gwantwa kurudi, ajabu kweli, kama anayemsubiri mpenzi.

9. *(ubaoni)*

WASTANI WA MAKOSA KWA SIKU

Gwantwa . . . . . mikate 41
Tusekile . . . . . mikate 44

Uamuzi utatangazwa Jumamosi darasani, baada ya wote wawili kuwasilisha zoezi la mwisho. Nitahudhuria. — Mwakalobo

10.

ZOEZI LA MWISHO (Mw. Kileo)

Swali la 1. Pima mfungamano wa makosa yako na ya mwenzako. Ukipata sifuri, kila mtu alikwenda na njia yake. Ukikaribia moja, mlitembea mguu kwa mguu.

Swali la 2. Taja siku ulizokisia vizuri kuliko zote. Eleza ulifanyaje.

11.

Ijumaa mchana, nyuma ya tanuri, Tusekile na orodha ya makosa yao wote wawili.

0.97.

Akapiga tena. 0.97. Akabadilisha kalkuleta. 0.97.

Akaruka hadi swali la pili, akapanga makosa yake kuanzia dogo. Tarehe 14, mikate sita. Tarehe 15, mikate tisa. Tarehe 16,

mitatu.

Siku bora kabisa ya Gwantwa alikosea kumi na tisa.

Jamani, alilia. Alilia kwa hasira, na safari hii hasira haikuwa kwa Gwantwa. Nafasi ile ilikuwa yake. Ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, na aliichana kwa mkono wake mwenyewe.

Siku tatu ni sampuli ndogo, utasema. Sawa. Lakini meneja angezitazama mara mbili. Ila ukizionyesha tu, lazima mtu aulize: na zile ishirini na saba?

12.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Gwantwa alitangulia.

"Mfungamano wetu ni 0.97," akasoma, akitabasamu. "Nafikiri ni kwa sababu dada Tuse ndiye aliyenifundisha kazi. Tunawaza sawa."

Darasa likapiga makofi. Meneja akapiga makofi.

Mwalimu Kileo hakupiga. Alikuwa anamtazama Tusekile.

"Bi. Tusekile, karibu."

Akasimama. Akasoma siku zake bora, tarehe kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Sita, tisa, tatu. Meneja akainuka kidogo kwenye kiti.

Gwantwa akanyoosha mkono. Alikuwa amefungua ukurasa mpya, na juu yake ameandika jina la Tusekile na kulipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Dada Tuse, ulifanyaje? Mimi sijawahi hata kukaribia hapo. Nataka kujifunza kwako."

Kalamu ikasubiri. Tusekile akaitazama.

"Siku hizo tatu," akasema, "kopo lilikuwa tupu, kwa hiyo ilibidi nikisie mwenyewe."