Saa Saba za Kuala Lumpur

Bi Kawthar alikuwa na kipimo chake cha umbali, na wala hakikuwa kilomita. Mwanawe Maha alipomwambia kapata kazi ya uuguzi Kuala Lumpur, mkataba wa miaka miwili, jibu linatakiwa kesho, mama hakuuliza mshahara wala pa kulala. Aliweka chini kikombe cha kahawa, akauliza, "Nikifa alfajiri, utawahi kunizika?"

Maha alijua tu litakuja. Tangu ukoo wao utoke Unguja ukae hapa Dubai, watu wameozwa na kukataliwa kwa swali hilohilo. Dada yake aliruhusiwa kuolewa Maskati kwa kuwa Maskati ni saa moja ya ndege. Binamu yake Joha alinyimwa mchumba wa Jakarta, kijana mzuri, ana dini yake, kosa lake kukaa saa nane angani! Kwao maiti hacheleweshwi: kafa asubuhi, Laasiri yuko kaburini, na mtoto asiyewahi atasemwa mpaka achoke.

"Ni saa saba tu, Mama."

"Saa saba! Nishaoshwa, nishavishwa sanda, nishasaliwa!"

Mjomba Thuwein, mdogo wake Bi Kawthar, kastaafu kazi ya mizigo uwanja wa ndege lakini hajastaafu kujua kila kitu. Alikuwa kakaa nao pale; akatoa peni, akageuza bahasha aandike nyuma yake.

"Kule wako mbele yetu saa nne," alisema. "Ndege inaondoka kwao saa nne asubuhi, inatua hapa saa saba mchana."

"Kumbe njiani ni saa tatu!"

"Saba, dada. Nne unarudishiwa."

"Na nani?"

"Na jua. Sasa sikiliza. Ukifa alfajiri, kwake ni saa tatu asubuhi, ndege hiyo haiwahi. Ila ukifa saa nne usiku, kwake ni saa nane usiku. Anafunga begi, anapanda ya asubuhi, Laasiri tunakuzika naye. Wewe jitahidi tu ufe usiku."

"Ala! Nishapangiwa na ratiba ya kufa!" Bi Kawthar alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Maha naye alicheka, lakini jibu lilitakiwa kesho. Kazi ile aliitaka mno, na bila radhi ya mama asingeondoka. Akajikaza, akauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza.

"Na wewe, Mama, bibi alipofariki, uliwahi?"

Mjomba Thuwein aliacha kuandika. Bi Kawthar aliuokota mtandio, akaukunja, akaukunjua.

"Kutoka hapa mpaka Unguja, alikobaki mama, ni saa tano na nusu," alisema. "Nilifika udongo ushakauka."

Miaka yote Maha alidhani kipimo kile kimetoka kwenye dini. Alimwonea mama yake huruma.

"Na wallahi si maziko yanayoniuma," Bi Kawthar aliendelea. "Walimzika vizuri, watu walijaa. Kinachoniuma ni kwamba miaka minne mfululizo nilimwambia Idi hii sitaweza, nitakuja ijayo." Alivuta pumzi. "Nenda, mwanangu. Radhi ninakupa."

"Na maziko je, Mama?"

"Maziko majirani watanizika. Siku hiyo hata ukiwahi, sitakuwa mlangoni kukupokea. Njoo Idi. Idi nitakuwepo."