Salamu Zilizobaki Stoo

Asubuhi ile Faustina alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, Kihesa, Iringa, mimba imefika mwisho, akipepeta mchele huku akimrekodia mteja ujumbe wa sauti. Mchele ulilimwa na mama yake, Sabina, kule Rujewa; yeye aliuuza mtandaoni. Alisalimia vizuri, akaulizia watoto, akaulizia kazi, ndipo akataja mchele. Mteja akajibu, "Dada, una dharau. Hata salamu hakuna?"

Kodi mpya ya intaneti ilikuwa imeanza. Redioni walibishana weee, huyu akisema intaneti si anasa, yule akisema wauzaji wa mtandaoni wamenona bila kuchangia, mpaka ikapita kwamba makato yachukuliwe kabla ya matumizi. Basi yakachukuliwa palepale mtu anapofungua mdomo kwenye simu. Wale wanaoanza na shida zao walikatwa shida. Watu wa Iringa, ambao hawaombi hata chumvi bila kusalimiana kwanza, walikatwa salamu.

Wateja aliwavumilia. Kilichomuuma ni mama. Mama ndiye angekuja kumkanda na kumpikia uji akijifungua, na sasa hapokei simu. Alimtuma Lugano, dereva wa lori la mchele, aseme hivi: "Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananirukia na habari za magunia. Nisiposalimiwa, siji." Daktari alikuwa amemkataza Faustina safari. Alilia sana, ungo mapajani.

Akaenda ofisi ya makato. Karani Eliezeri alimpeleka nyuma, kwenye stoo ya mabati. Ndani kulikuwa na ukungu, na salamu zimejaa mpaka darini, kamwene za Wahehe juu ya kamwene, kila moja na sauti ya mwenyewe.

"Zako zipo, mama," alisema Eliezeri. "Hazijaharibika."

"Naweza kuzichukua?"

"Zimeshakuwa za serikali. Ila kusikiliza hatukatazi."

Faustina akampa Lugano maneno hayo, ya mdomo, akayafikishe Rujewa.

Sabina alikuja na lori la kwanza. Kabla ya kufika kwa mwanawe akapitia stoo, maana ni mtu wa kuhakikisha. Akaisikia sauti ya Faustina, ya adabu kama alivyoifunza, na hasira ikamshuka. Kwao salamu haiachwi bila kuitikiwa. Akakalia gunia lake, akaanza kuitikia. Za watu wengine nazo zikajisogeza, na yeye si wa kumpita anayemsalimia. Alituma neno Kihesa kwamba anakuja, amalizie tu.

Uchungu haukumsubiri. Faustina alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa jirani yake, Esta, akimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Halafu akamtumia mume wake, Adrian, anayefanya kazi mtaa wa Soweto, Mbeya, kilio cha kwanza cha mtoto. Adrian alipokea ukimya na chafya.

"Mpole kama mama yake," akajibu.

Kule stoo kilio kilipenya bati, kikatua karibu na goti la Sabina. Akakiinamia.

"Kamwene, mjukuu wangu," akasema, akakifunika na kanga kisipigwe na baridi.

Jioni Eliezeri alikuja kufunga. Alimwamkia kwa heshima zote, akamwomba achukue kanga yake, kilio akiache.